Shuka Nililomfunika Baba

Ndani ya paja la kulia la baba yangu kuna vipande vinane vya chuma, kila kimoja kama punje ya mchele. Havina betri wala waya. Mgonjwa akilazwa katikati ya duara kubwa la shaba na mashine ikiwashwa, vipande hivyo hupata moto vyenyewe, humo humo nyamani, bila mkono wa mtu kumgusa. Mashine ikizimwa, hupoa. Vimo mpaka leo ninapoandika. Mara ya tatu vilipowashwa, vilimuunguza kwa karibu dakika arobaini, na baba hakusema kitu. Mimi nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka miguuni pake. Niliona. Nikavuta shuka nikaufunika mguu wake, ili muuguzi asione nilichokiona.

Hilo la shuka ndilo linalonifanya niandike. Lakini haliwezi kueleweka mpaka nirudi nyuma.

Baba ni mfugaji wa Butiama. Amezeeka, lakini ni mzee wa kutembea. Ukimtafuta asubuhi unaambiwa yuko machungani, ukimfuata unaambiwa ameshapita. Shangazi, dada yake mdogo, ndiye anayeishi naye tangu mama alipofariki, na ndiye aliyenipigia simu.

"Baba yako anachechemea," alisema. "Nikimuuliza anasema kiatu kinambana."

"Si anunue kingine?"

"Mwanangu, hajavaa kiatu."

Nilipofika nikakuta upande wa nje wa paja lake kuna uvimbe mgumu wa kujaa kiganja. Alisema dume lilimpiga pembe, jambo la kawaida, litapona. Nikamuuliza lini. Akanitajia msimu wa mvua ambao mwenyewe nilikumbuka ulipita kabla mtoto wangu wa mwisho hajaanza shule. Nikamchukua kwenda hospitali moja upande wa Bunda. Huko wakakata kipande kidogo cha ule uvimbe, wakakituma kupimwa, na baada ya majuma kadhaa daktari akatuita ndani, akafunga mlango.

Ilikuwa kansa ya nyama. Haijafika mapafuni, alisema, na hiyo ni bahati. Njia ya uhakika ilikuwa kukata mguu wote, kuanzia kwenye nyonga.

Baba alifikiri kidogo. "Sasa mfugaji wa mguu mmoja," akauliza, "yeye anafuata ng'ombe au ng'ombe ndio wanamfuata?"

Daktari akacheka. Baba hakucheka. Alikuwa ameuliza anataka kujua.

Ndipo daktari akatueleza njia ya pili. Hospitali ile ilikuwa imepokea mashine kwa ajili ya majaribio ya tiba, na wagonjwa wachache wenye uvimbe wa miguu na mikono walikuwa wanakubaliwa. Wangemchoma baba ganzi, kisha kwa sindano nene wapitishe vile vipande vya chuma mpaka ndani ya uvimbe, halafu mara kadhaa wavipashe moto kwa saa nzima huku dawa ikiingia kwa dripu. Moto haukuwa wa kuivisha nyama, alisema. Ulikuwa wa kuuchosha uvimbe ili dawa iumalize. Ukinywea vya kutosha, wangekata uvimbe peke yake, na mguu ubaki.

"Kumbe ni ndigana," baba akasema.

Daktari akanitazama. Nikamweleza. Ndigana ni ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe. Tezi za chini ya sikio huvimba, na wazee wetu wana desturi ya kupasha chuma kwenye makaa mpaka kiwe chekundu, kisha kuuchoma ule uvimbe. Maofisa mifugo wamepiga kelele miaka yote kwamba kuchoma hakutibu, kwamba sindano zipo. Wazee huchoma kwanza, halafu ndiyo wanaita sindano.

"Na nyie mnachoma hivyo hivyo," baba akamwambia daktari, "ila chuma mnakiacha ndani."

"Karibu hivyo, mzee wangu. Ila sisi hatufiki mpaka moshi utoke. Wewe ukisikia joto limezidi, unasema tu, tunapunguza."

"Ng'ombe huliaga," baba akasema. "Ndiyo maana ni ng'ombe."

Tukacheka wote watatu. Nilicheka kwa sauti. Laiti ningeiandika sentensi ile kwenye karatasi na kumwachia daktari mezani, leo nisingekuwa hapa nilipo.

Vipande vilipokwisha kuwekwa na shangazi kuelezwa nyumbani, alishika mdomo. "Yaani kaka yangu wamemwekea kijiti? Kama wanavyowawekea mabinti kliniki wapumzishe uzazi?"

"Nane," baba akamjibu. "Sitazaa tena kabisa."

Kwa majuma mawili hicho ndicho kilikuwa kicheko cha pale nyumbani. Majirani wakija kumjulia hali, shangazi anawatangazia: huyu mzee yuko kwenye uzazi wa mpango. Baba alifurahi. Aliamini. Na mimi niliamini kuliko yeye, kwa sababu nilikuwa naijua lugha ya vipimo.

Kazi yangu ni joto, au niseme baridi. Ninaishi Mwisenge, pale Musoma, na ninapokea samaki kwenye ghala la barafu kando ya ziwa. Sangara wanapoletwa kutoka mialoni, wavuvi wanakowashusha, nachoma kipimajoto kwenye nyama, nasubiri namba itulie, naandika. Jambo la kwanza nililofundishwa nilipoajiriwa ni hili: kipimajoto kinakuambia joto la pale ncha yake ilipo, basi. Samaki anaweza kuwa barafu mgongoni na tumboni ameshaanza kuharibika. Ndiyo maana tunapima sehemu tatu. Ninawafundisha hivyo kila mwaka vibarua wapya.

Mara ya kwanza na ya pili mambo yalikwenda vizuri. Chumba kilikuwa kidogo, kimepakwa rangi ya kijani mpaka nusu ya ukuta, na duara la shaba lilikuwa limefunikwa kwa plastiki nyeupe, baba akaingizwa katikati yake akiwa amelala chali, miguu imetokeza upande wa pili. Muuguzi alikuwa binti mchangamfu. Alipitisha waya mwembamba kwenye kijimrija kilichokuwa kimeachwa kwenye paja. Ncha ya waya ule ndiyo iliyokuwa inapima joto na kulileta kwenye skrini. Kisha akampa baba kitufe cha kengele.

"Babu, hiki ndicho mdomo wako. Ukiumia kidogo tu, unabonyeza."

"Nikibonyeza unakuja wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi nitabonyeza hata nisipoumia, mke wangu."

"Babu! Nitamwambia mchumba wangu."

"Mwambie alete ng'ombe tushindane."

Alikishika kile kitufe kama mtu aliyepewa yai la kubeba. Saa ikaisha, akamrudishia. "Chukua mjukuu wangu, kipya kabisa. Sijakitumia." Baada ya mara ya pili daktari alipima uvimbe kwa tepu, akapima tena, akatuonyesha namba. Ulikuwa umepungua. Upana wa kidole kimoja tu, lakini ulikuwa umepungua. Baba aliniambia nimpigie shangazi simu hapo hapo, mbele ya daktari, aseme ule upana wa kidole kwa sauti.

Hapa inabidi niseme jambo la jando, kwa sababu bila hilo mara ya tatu haitaeleweka.

Nilipopelekwa jandoni nilikuwa na umri wa mtoto wa darasa la saba. Ilikuwa asubuhi, baridi, kabla jua halijashika. Kijana husimama, na anayemsindikiza husimama mbele yake akimtazama. Aliyesimama mbele yangu ni baba. Aliniambia neno moja tu: "Juu." Maana yake nitazame juu ya kichwa chake, kwenye miti. Kisha kisu kikafanya kazi yake. Watu wa nje wanadhani wazee wakati ule wanamtazama kijana usoni. Hapana. Uso unafundishika. Wazee wanatazama vidole vya miguu. Kidole gumba kikijikunja, wameona, na hawasahau. Kwetu yupo mzee, ana wajukuu sasa, aliyecheza kidole akiwa kijana. Ni mzee wa kanisa, msomi wa Biblia, na bado wenzake wa rika wakiketi kula nyama humwachia achukue wa mwisho. Hakuna anayemwambia kwa nini. Hakuna haja.

Vidole vyangu vilitulia. Baba alilisema hilo kwa miaka mingi, hata mbele ya mkwe wangu.

Mara ya tatu ilikuwa saa nne asubuhi, mvua ya rasharasha inaanguka Bunda. Mashine ilikuwa inanguruma taratibu kama friji la zamani. Namba kwenye skrini zilipanda vilevile kama siku zilizopita, nyuzi arobaini, arobaini na moja, arobaini na mbili na kitu, zikatulia. "Leo inakwenda vizuri," muuguzi akasema, akageukia dripu.

Mimi nilikuwa kwenye kiti cha msindikizaji, upande wa miguu. Mbele yangu kulikuwa na saa ya ukutani. Dakika ishirini na mbili tangu mashine iwashwe, kidole gumba cha mguu wa kulia wa baba kilijikunja. Hakikushtuka. Kilijikunja taratibu kwenda chini, kama mtu anayeshika kitu kwa mguu, na kikabaki hivyo hivyo.

Nikamtazama usoni. Hakuna kitu. Alikuwa anatazama dari, mahali palipokuwa na alama ya maji yaliyovuja. Juu. Kwenye mdomo wa juu palikuwa na jasho. Kitufe kilikuwa mkononi, na kidole gumba cha mkono alikuwa amekiweka pembeni kabisa, mbali na kitufe, ili kisibonyeze kwa bahati mbaya.

Nilijua. Sitajidanganya hapa. Nilijua kwamba anaumia, na nilijua kwamba ncha ya ule waya inapima mahali pamoja tu. Vyote viwili nilivijua kwa wakati mmoja. Lakini kilichokuja kwanza mwilini mwangu hakikuwa ujuzi. Kilikuwa aibu. Baba yangu alikuwa amecheza kidole, na binti wa watu alikuwa anageuka kutoka kwenye dripu, anakuja upande wangu.

Nikavuta shuka lililokuwa limekunjwa kwenye magoti yake, nikaufunika mguu mpaka chini ya kisigino.

"Umefanya vizuri kaka," muuguzi akasema. "Wazee huwa wanapigwa na baridi miguuni." Akamwinamia baba. "Babu, unaendeleaje?"

"Salama."

"Hakuna maumivu?"

"Mjukuu wangu, ningekuwa na maumivu si ningekuita tukimbie wote?"

Akacheka. Nikacheka. Nikahesabu dakika thelathini na nane zilizobaki kwenye ile saa, na kila dakika nilijiambia: ikifika inayofuata nitasema.

Siku mbili baadaye ngozi ya paja ilikuwa nyekundu. Siku ya nne ilikuwa nyeusi, kipande cha ukubwa wa kiganja, na harufu yake nilianza kuisikia nikiwa bado mlangoni. Nilimrudisha Bunda. Picha ya eksirei ilionyesha vile vipande vinane, vyeupe, vimepangika, isipokuwa viwili vya upande wa nje vilivyokuwa vimesogeleana mpaka karibu kugusana. Daktari hakujua vilisogea lini. Aliiweka picha kwenye mwanga na kukaa nayo muda mrefu.

Kisha akavuta kiti, akakaa mbele ya baba, magoti yao yakakaribiana.

"Mzee wangu, nisikilize. Huu weusi una maana mbili. Huenda ni kuungua. Hivi viwili vikikaa pamoja vinatoa moto mkali mahali ambapo waya wetu haukuwepo. Kama ni kuungua, tutasafisha, tutasubiri, mguu tunaendelea kuupigania. Lakini huenda ni uvimbe wenyewe umetoboa kutoka ndani. Kama ni huo, hatusubiri hata juma moja. Tunakata. Anayejua tofauti ni wewe. Siku ile uliumia? Na kama uliumia, ni upande upi?"

"Sikuumia," baba akasema.

"Hata kidogo?"

"Kitufe chenu si mnacho? Kiulizeni."

Daktari akanigeukia. "Na wewe ulikuwepo. Uliona chochote?"

Nikasema sikuona.

Kwenye fomu akaandika kitu kifupi. Alisema tungesafisha kidonda na kurudi baada ya siku nne, na kama weusi utakuwa umeongezeka basi tujiandae. Hakueleza kujiandaa kwa nini. Nikamchukua baba kwangu Mwisenge, ambako usafiri wa Bunda hupatikana kwa urahisi kuliko Butiama, na awe karibu nami.

Siku nne zile sijui nilizipitaje. Ghalani niliandika joto la samaki wa sanduku moja kwenye mstari wa sanduku jingine, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kabla. Baba alilala sebuleni, kwenye kitanda tulichokihamishia dirishani. Hakula. Uji ulirudi ulivyokwenda. Mke wangu alifukiza udi kwa sababu ya watoto, akaomba radhi, baba akamwambia asijali, hata zizi linanuka na watu wanakunywa maziwa yake.

Siku ya tatu mchana, nyumba ikiwa tupu, akaniita kwa neno letu la kumwita kijana.

"Mura."

"Baba."

"Lile shuka."

Nikaweka chini bakuli la uji.

"La kule," akasema. "Ulifanya vizuri."

Nikapiga magoti pale chini kando ya kitanda. Sikuwahi kumpigia baba magoti kabla ya hapo. Kwetu mwanamume hapigi magoti kwa baba yake. "Baba," nikamwambia, "kumbe ulisikia. Mwambie daktari. Neno moja tu, mwambie palipouma. Nakuomba. Watakata mguu, baba, watakata mguu mzima kwa sababu ya neno moja."

"Nimesema umefanya vizuri. Sijasema nilisikia."

"Hapa hakuna mtu. Wazee wako Butiama. Hakuna anayetazama vidole."

"Wewe ulikuwa unatazama," akasema.

Nilikaa sakafuni, yeye akageukia dirishani, na baada ya muda akaanza kuniuliza habari za josho, kama ng'ombe wameogeshwa juma lile.

Kwa hiyo nilikwenda mwenyewe. Siku ya nne tulipofika Bunda, nilimwacha baba kwenye kiti cha magurudumu barazani, nikaingia kwa daktari, nikamwambia yote: dakika ya ishirini na mbili, kidole, shuka. Nilimwambia pia kuhusu jando, kwa sababu yeye si mtu wa huku. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungesema siku ile," akaniambia, "tungezima. Ni swichi moja."

Hakusema kwa ukali. Afadhali angenipiga.

Nikamwuliza kama nilichomwambia kinatosha kuujua weusi ule ni nini. Akasema kinasaidia, hakitoshi. Kidole kinaonyesha kwamba aliumia, hakionyeshi wapi. Huenda moto ulimuuma ndani, kwenye uvimbe, pale ulipotakiwa kuwa. Huenda ulimuuma nje, pale panapooza sasa. Mtu wa kusema ni mmoja. Akamwita baba, muuguzi akamsukuma ndani.

"Mzee, kijana wako anasema siku ile kidole chako cha mguu kilijikunja."

Baba alinitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama anavyomtazama ng'ombe aliyechanganyika na wake jioni, akitafuta alama sikioni.

"Kijana wangu anafanya kazi kwenye barafu," akasema. "Macho yameganda."

Muuguzi alicheka, kisha akaziba mdomo, na nikaona macho yake yamejaa machozi. Alikuwa amekumbuka lile shuka.

"Babu," akasema, "nionyeshe tu kwa mkono. Usiseme neno. Weka mkono palipouma."

Baba akakunja mikono yote miwili kifuani.

"Daktari," akasema, "unataka niseme nililia?"

"Sisemi ulilia, mzee wangu. Nasema uliungua."

"Ni kitu kimoja."

Daktari akajaribu njia nyingine. Alitaka kujua kama mshipa wa fahamu wa mguu bado unafanya kazi, maana ukiwa umekufa, alisema, hata tukishinda kansa mguu hautamfaa. Akamwambia baba afumbe macho. Akachukua sindano, akagusa unyayo.

"Nasikia," baba akasema.

Akagusa kisigino.

"Nasikia."

Akaiinua sindano juu, mbali na mguu, akaishika hewani.

"Nasikia," baba akasema.

Daktari akaweka sindano mezani. Halafu akakata kipande cha ule weusi, akakitia kwenye kichupa, akaandika jina. Kingepelekwa kupimwa mbali, kwa sababu pale hawana wa kukisoma. Kikisema kuungua, tunaendelea kusafisha na kusubiri. Kikisema uvimbe, mguu unakatwa kwenye nyonga siku hiyo hiyo tutakayofika, kama baba atakubali, na baba hajasema kama atakubali. Kwenye fomu, chini ya sehemu ya maelezo ya mgonjwa, daktari aliandika: hakuumia. Chini ya maelezo ya msindikizaji akaandika: aliumia. Alinionyesha ili nihakikishe.

Tangu zile siku nne za kwanza ninampeleka baba kusafisha kidonda kwenye zahanati upande wa Buhare, kila baada ya siku moja. Namshusha kwenye bajaji, ananishika bega. Tangu niliposema kwa daktari hatujaongea tena kuhusu jambo lile. Ananiongelesha mengine, na ananiita mura kama zamani. Shangazi alikuja kutoka Butiama kumwona, akajaribu ule mzaha wake wa kijiti. Hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe akatoka nje akakaa muda mrefu karibu na karo, akijifanya anaosha kikombe.

Pale zahanati gozi, yaani kitambaa cha kidonda, hugandamana na nyama, na ikivutwa, watu wazima hupiga kelele; nimewasikia wakiwa nyuma ya pazia, wanaume wa mwaloni wenye vifua kama milango. Baba hatoi sauti. Mimi husimama upande wa miguu. Siku za kwanza, kabla sijaenda kwa daktari, gozi ilipovutwa kidole gumba kilijikunja, mara zote mbili. Tangu siku ile niliposema, hakijajikunja hata mara moja. Nimekiangalia mara sita. Kimelala tu, kama si chake.

Anajua sasa kwamba nikikiona nitasema. Kwa hiyo huenda anakizuia, na mtu aliyekaa kimya dakika thelathini na nane anaweza kuzuia kidole. Au mshipa umekufa, na tunasubiri kuuokoa mguu ambao umeshakwenda. Nimemwuliza msafisha kidonda anavyoona. Akasema, kaka, muulize mwenyewe.

Jana mchana, nyumbani Mwisenge, alikuwa amelala chali, pumzi imetulia, mdomo umefunguka kidogo, mguu umetokeza nje ya shuka. Nilivua viatu mlangoni. Nikaenda polepole, nikachuchumaa mwisho wa kitanda, nikanyoosha mkono kukigusa kile kidole, nione kama kitarudi nyuma chenyewe wakati mwenyewe hayupo macho kukizuia.

"Nasikia," baba akasema, macho ameyafumba.

Mkono wangu ulikuwa haujafika.